Nimepanua gepu la plagi: silensa imetulia, mlimani inamisi

Kobe_wa_Lami

Wakuu, heshima kwenu.

Nina gari la kabureta, silinda nne, valvu nane, distributa ya platini (kigawa moto wa plagi chenye swichi ya kukata umeme). La zamani, lakini bado lina roho. Wiki iliyopita nilibadilisha plagi tatu. Ya silinda ya 3 niliiweka mwaka jana, nikaiona bado nzima, nikaiacha. Kitabu cha gari kinataka gepu (ule uwazi ambao cheche huuruka kwenye ncha ya plagi) la milimita 0.8. Rafiki yangu mmoja, si fundi ila ana maneno ya fundi, akaniambia 0.8 ni ya waoga: fungua hadi 1.2, cheche itakuwa ndefu, itachoma petroli yote, gari litapata nguvu. Nikazifungua zote nne.

Silensa (mwungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) ikatulia kuliko nilivyowahi kuisikia. Kuna kitetemeko kidogo kila baada ya muda, lakini hicho kilikuwepo tangu zamani. Shida ni mlimani. Nikiwa gia ya tatu nikakanyaga hadi chini, inamisi (baadhi ya silinda haziwaki), inakohoa, gari zima linatikisika. Nikiachia pedali kidogo inarudi sawa. Kwenye tambarare hamna neno.

Nimetoa plagi, nikazilaza juu ya hedi (kifuniko cha silinda) moja moja na kupiga stata. Zote zinatoa cheche ya bluu, inasikika kabisa "tak, tak". Kwa hiyo moto upo. Sasa rafiki huyo huyo anasema kosa ni mwelekeo: upande wa wazi wa plagi uangalie valvu ya kuingizia, niongeze washa (vile vipete vya chini ya plagi) mpaka zigeuke. Naombeni msaada kabla sijamsikiliza mara ya pili.

Dogo_Turbo

Kabureta chafu hiyo. Mlimani petroli haitoshi. Fungua, safisha jeti (vile vitundu vya petroli). Langu lilikuwa hivyo hivyo.

MzeeSpana

Kobe, weka bisibisi chini kwanza. Dogo hajakosea, petroli ikipungua nayo humisisha gari mlimani. Lakini gari lilikuwa linapanda vizuri kabla hujagusa plagi. Mimi huanza kushuku kitu kilichoguswa mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu kosa lako nililifanya mwenyewe, tena nikiwa tayari naitwa fundi. Ilikuwa jenereta ya petroli. Nikapanua gepu kwa macho, maana fila geji (kipimo cha gepu) sikuwa nayo na aibu ya kuazima ilinizidi. Ikawaka kwa mvuto mmoja, ikaunguruma kwa raha, mwenye mali akafurahi. Alipowasha taa zake zote pamoja na pampu, ikaanza kukohoa. Nikafungua kabureta mara mbili, nikabadilisha mpira wa petroli, nikapima valvu. Siku ya pili jioni giza liliponikuta pale ndipo nilipoona: kila ikikohoa, mstari wa bluu unatembea juu ya kofia ya plagi kwenda kwenye hedi. Umeme ulikuwa umechoka kuruka gepu nililolifungua, ukatafuta njia nyepesi ya nje. Mchana usingeuona ng'o.

Sasa kwa nini inatokea ukiibebesha mzigo tu? Jambo ambalo rafiki yako analisahau ni hewa iliyopo katikati ya gepu. Umbali ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni jinsi hewa hiyo ilivyoshindiliwa. Mwanafizikia Mjerumani, Friedrich Paschen, alilipima jambo hili mwaka 1889: volti zinazohitajika ili cheche iruke hutegemea umbali ukizidishwa na mgandamizo wa gesi. Hapa nje, milimita moja ya hewa inataka volti kama 3,000 hivi. Ndani ya silinda pistoni ikiwa imeshapanda, milimita hiyo hiyo hutaka mara kadhaa ya hapo.

Ukiwa silensa, kipepeo cha kabureta kimefungwa karibu chote. Hewa inayoingia ni kidogo, kwa hiyo hata pistoni ikipanda haina cha kushindilia. Cheche inaruka milimita 1.2 bila taabu. Ukikanyaga hadi chini, silinda inajaa tele, gesi inashonana, na koili yako ya platini (kile kifaa kinachopandisha volti za betri) inatakiwa itoe volti ambazo haina. Hapo ndipo inamisi. Ukiachia pedali kidogo, hewa inapungua, cheche inarudi. Dalili zako ulizieleza vizuri mno hata sina la kuongeza.

Na kile kipimo cha kulaza plagi juu ya hedi, samahani, lakini kimewadanganya mafundi wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Unapima cheche mahali ambapo hakuna mgandamizo! Koili iliyo hoi nayo itaruka 0.8 hapo nje na kukupa bluu ya kupendeza. Ukitaka kuijua koili, iruhusu iruke milimita sita au saba kwenye hewa ya kawaida, kwa kifaa cha kupimia cheche na si kwa kushika waya kwa mkono. Ikiruka hizo bila kusitasita, ndani itamudu 0.8.

Ila rafiki yako tusimvue nguo zote. Silensa imetulia kweli, na sababu ipo. Moto ukianza kwenye plagi huwa ni kipande kidogo mno cha mwali, na kimezungukwa na chuma pande mbili: ncha ya katikati na ule ulimi wa juu. Chuma kinanyonya joto. Gepu likiwa dogo sana, mwali unazimwa na vyuma hivyo kabla haujakua, hasa kwenye silensa ambako ndani ya silinda kuna moshi mwingi uliobaki wa mzunguko uliopita. Gepu kubwa linaupa mwali nafasi ya kupumua. Kwa hiyo gepu dogo litakusumbua silensa, gepu kubwa litakusumbua mlimani. Kiwandani walikaa wakatafuta mahali ambapo koili hii, na mgandamizo huu, na mchanganyiko huu wa petroli na hewa vinaelewana. Wakaandika 0.8. Magari ya sasa yenye koili juu ya kila plagi hufika 1.0 au 1.1 kwa sababu koili zake zina nguvu nyingi zaidi. Yale yenye turbo huteremshwa tena hadi 0.7 na kitu, maana turbo inashindilia hewa. Si uoga.

Kuna jingine. Plagi za kawaida za nikeli huliwa na cheche, kiasi cha milimita 0.01 hadi 0.015 kwa kila kilomita 1,000. Ukianzia 0.8, ukifika kilomita 15,000 uko karibu na 1.0 na koili bado inaweza. Ukianzia 1.2 huna akiba yoyote. Na koili isiyopata pa kutolea umeme wake kwenye plagi huupeleka kwenye mipira yake yenyewe: kofia ya distributa, rota, waya. Ikishachimbika njia ya masizi humo, hata ukirudisha gepu itaendelea kupitia huko huko.

Rudisha 0.8. Pinda ule ulimi wa nje tu, usitie kitu katikati ukakandamiza ncha, kauri hupasuka kwa ndani na nje usione ufa. Pima kwa geji ya waya wa duara. Kwa plagi iliyotumika, kama hiyo ya silinda ya 3, geji bapa itakudanganya: ulimi unaliwa katikati ukawa na kishimo, geji bapa inakaa juu ya kingo za kishimo, inakusomea 0.8 kumbe ni 1.0. Kisha usiku fungua boneti, mwenzako akanyage mafuta kidogo, wewe tazama waya gizani.

Kobe_wa_Lami

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Kesho nazirudisha 0.8. Lakini lile la mwelekeo hujaligusa. Je, ni uongo mtupu? Na kama mwelekeo hauna maana, mbona plagi yangu imekaa ubavuni mwa hedi na gari la jirani lenye valvu kumi na sita plagi ziko katikati kabisa? Si lazima iwe kuna sababu?

MzeeSpana

Marahaba. Umeuliza maswali mawili yenye sura moja.

Mahali plagi ilipo ni jambo kubwa sana. Upande ilikogeukia ni jambo dogo sana. Watu wanachukua ukubwa wa la kwanza wanaupa la pili.

Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 80. Plagi ikiwa katikati, mwali unasafiri milimita 40 kila upande na kazi imekwisha. Plagi ikiwa ubavuni, mwali unapaswa kuvuka karibu zote 80. Na huko hausafiri ovyo, saa inahesabu: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) inageuka digrii 18 ndani ya elfu moja ya sekunde. Ndiyo maana cheche huwashwa kabla pistoni haijafika juu, ili mgandamizo mkubwa kabisa uipate pistoni ikiwa imeanza kushuka, digrii kama 12 hadi 16 baada ya kilele. Safari ndefu ya mwali inakulazimisha uwashe mapema zaidi, na kadiri unavyowasha mapema ndivyo pistoni inavyopanda ikipambana na moto wako mwenyewe.

Halafu kuna kona ya mbali. Mchanganyiko uliobaki mwisho kabisa unabanwa na unachemshwa huku ukisubiri mwali ufike. Ukisubiri mno unalipuka wenyewe. Ndio ule mlio wa "ngi-ngi-ngi" unaousikia ukipanda mlima kwa gia kubwa. Plagi ya katikati inaufikia mapema, kwa hiyo injini inaweza kujengwa na kompresheni kubwa zaidi bila kugonga. Hedi ya valvu nne kwa silinda ina nafasi tupu katikati ya hizo nne, plagi ikapewa makao hapo. Kwako valvu mbili kubwa zimekaa katikati, plagi ikasukumwa ubavuni. Si uzembe wa mchoraji, hakukuwa na mahali pengine.

Wengine walitatua kwa kuweka plagi mbili. Honda Fit ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2001 yenye injini ya i-DSI, ina silinda nne na plagi nane. Mtu akikuletea gari hilo akakwambia "nibadilishie plagi nne", mwambie ahesabu upya. Ndege ndogo za pistoni nazo zina mbili kwa kila silinda, kila moja na magineto yake (kizalishi cha umeme wa cheche). Kwanza ni usalama, lakini rubani kabla ya kuruka huzima magineto moja kisha nyingine akatazama mizunguko. Kila akizima moja, mizunguko inashuka kidogo, ingawa silinda zote bado zinawaka. Hiyo tofauti ndiyo bei ya mwali kusafiri kutoka upande mmoja badala ya miwili. Sijui kipimo kizuri zaidi ya hicho cha kumwonyesha mtu kwamba mahali pa plagi pana maana.

Kuhusu kugeuza, nimwachie Binti_Pistoni, yeye ni mtu wa pikipiki za mashindano na aliwahi kupoteza usingizi kwa hilo.

Binti_Pistoni

Haha, mzee umenichongea.

Ni kweli. Nilikuwa na pikipiki ya silinda moja, nikapaka alama ya wino kwenye kauri kuonyesha upande wa wazi, nikanunua washa za shaba za unene tofauti, nikageuza plagi mpaka uwazi uangalie valvu ya kuingizia. Hoja yake ina mantiki: ule ulimi usikae kama ukuta kati ya cheche na mchanganyiko mpya. Nikaipeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu. Nilipata ongezeko dogo, nikashangilia. Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya kwanza: nikapima mara tatu mfululizo bila kugusa chochote. Namba zenyewe zilipishana zaidi ya lile ongezeko langu. Nikazitia washa zangu kwenye kopo la skrubu na mpaka leo zimo.

Usiongeze washa juu ya washa, Kobe. Unaitoa plagi nje ya chumba chake, na joto lake hupita kwenye nyuzi (zile za kufungia kama za skrubu) na kwenye kile kikalio cha washa kuingia kwenye hedi. Ukikiharibu, plagi inapata joto kuliko ilivyopangiwa.

Isipokuwa injini fulani za kisasa zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Humo wingu la petroli linapita karibu na plagi kwa njia moja maalumu, na nyuzi za plagi pamoja na za hedi zimekatwa ili ukikaza kwa nguvu iliyoandikwa uwazi uangalie upande uliokusudiwa. Huko mwelekeo si mchezo. Kabureta ya Kobe haijui habari hizo.

Na kwa wenye plagi za iridiamu: ncha yake ni nyembamba, milimita 0.4 hadi 0.6. Msipitishe geji za sarafu (zile za duara zenye ukingo unaonenepa) humo, inavunjika. Mimi hupima kwa waya bila kukandamiza, na ikiwa haiko sawa huirudisha nilikoitoa.

Dogo_Turbo

Sawa, nimekubali, si kabureta. Langu lilikuwa kabureta lakini.

Kobe_wa_Lami

Mrejesho wakuu.

Nimerudisha 0.8 zote. Nimepanda mlima ule ule, gia ya tatu, hadi chini. Kukohoa kule kukubwa kumekwisha. Usiku nikatazama waya: waya wa silinda ya 2 ulikuwa na cheche ndogo karibu na kofia, nimeubadilisha.

Ila kile kitetemeko cha silensa kimeongezeka kidogo. Nikavuta waya mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira. Nikivuta wa 1, wa 2, wa 4, injini inazama. Nikivuta wa 3, inazama kidogo sana. Nikaitoa plagi ya 3 na kuilaza pembeni ya zile mpya. Nyuzi zake ni fupi! Mpya zina milimita 19 za nyuzi, hii ina 12 na nusu hivi. Ncha yake nyeusi ti, kama imetoka jikoni. Nimejaribu kuingiza plagi mpya ndefu, inaingia kwa vidole hadi katikati halafu inakwama. Nifanyeje? Nikaze kwa spana?

MzeeSpana

USIKAZE.

Na hapa nimekosea mimi. Ulituambia mapema kuna kitetemeko cha zamani na kuna plagi ya zamani, nikakimbilia gepu. Ungekuwa mbele yangu ningekuambia utoe zote nne uzipange.

Hilo ndilo swali lako la mahali pa plagi, limejileta lenyewe. Plagi fupi kwenye tundu refu haifiki chumbani. Cheche inaruka ndani ya kishimo, kwenye mfuko wa moshi wa jana ambao mchanganyiko mpya hauingii vizuri. Silensa ndiko kunakoumia zaidi, mafuta yakikanyagwa mtikisiko wa hewa unasaidia kidogo. Gepu la 1.2 lilikuwa linaifichia aibu, ulipolirudisha 0.8 ikaonekana. Bora iwe hivyo kuliko kinyume: plagi ndefu kwenye tundu fupi huweza kugongwa na pistoni, au nyuzi zilizochomoza zinawaka nyekundu na kuwasha petroli kabla ya wakati.

Hizo milimita sita na nusu za nyuzi za hedi zilizobaki wazi kwa mwaka mzima zimejaa kaboni. Ndipo plagi ndefu inapogonga. Ukilazimisha kwa spana, hedi ya alumini itakutoa nyuzi zote, na hapo tutakuwa tunaongea lugha nyingine.

Injini iwe baridi. Chomoa waya wa koili ili pasiwe na moto. Teremsha pistoni ya 3 chini. Tafuta tapu (skrubu ya chuma kigumu yenye mifereji) ya kusafishia nyuzi, 14 kwa 1.25, isiyo ya kukatia mpya. Jaza grisi kwenye mifereji yake, ingiza kwa vidole uhakikishe imeshika nyuzi za zamani, kisha robo mzunguko mbele, robo nyuma. Itoe mara kwa mara, futa, paka grisi upya. Kaboni inaganda kwenye grisi badala ya kuanguka ndani. Ukimaliza, piga stata tundu likiwa wazi ili vumbi lililobaki litemwe, na usiweke uso wako juu ya hilo tundu.

Plagi mpya iingie yote kwa vidole mpaka washa iguse. Ndipo spana, nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi.

Halafu nijibu moja: hiyo fupi uliipata wapi?

Kobe_wa_Lami

Imeingia, mzee. Tapu ilitoka na masizi mara tano. Sasa nikivuta waya wa 3 injini inazama kama wenzake, na kitetemeko sikisikii tena.

Hiyo fupi alinipa yule rafiki mwaka jana. Alisema plagi ni plagi.

Binti_Pistoni

Kobe, anatumia gari gani huyo? Nataka nijue nisilinunue.